Sauti ya Pili katika Nyumba ya Harelimana

Jumatatu, 1 Septemba
Leo nimeanza kuandika. Mtu anayepanda cheo lazima aache kumbukumbu.

Jana Pasta Mirindi alitangaza kwamba kanisa letu halitajenga hekalu kubwa. Litakua kwa nyumba za watu. Kila mkristo afungue mlango, aite majirani, waimbe, wasome Neno, wale kilichopo. Nyumba ikijaa, izae nyumba nyingine. Atakayefanya vizuri atakuwa Mwangalizi wa Nyumba zote za Goma. Mwangalizi Buhendwa! Nililitamka jina hilo njia nzima, polepole.

Shida ni moja tu. Sina nyumba. Nina chumba cha mbao kwa Mama Waridi, na kitanda kimekijaza. Nikamwomba uwanja wake. Akasema yeye ni Mwislamu, hana ugomvi na mtu anayemwomba Mungu, ila amenisikia nikiimba bafuni, na mbuzi wake ana mimba.

Tusi kubwa. Kwenye kwaya waliniomba tu nichezeshe midomo.

Akonkwa, mpinzani wangu tangu darasa la Biblia la watoto, ameshafungua kwake mtaa wa Himbi. Ana makochi. Anakaangia wageni sambaza, dagaa wa ziwa. Watu wanaongoka kwa sambaza!

Jumatano, 3 Septemba
Nimepata nyumba! Kuta za mawe meusi, bati zima, saloni pana ya kukalisha wageni, nyuma kidogo ya kwetu. Ni ya kina Harelimana, waliokimbia mabomu Januari na hawajarudi. Mama Waridi, rafiki yao wa siku nyingi, hakutaka hata nisogee. Kwanza, nyumba ina wenyewe. Pili, wapita njia husikia mwanamke akiimba humo, mchana kweupe. Nikamuuliza kama mabenchi yataenea.

Mlango ulifungwa kwa kamba tu. Nikaingia. Kalenda ukutani bado Januari. Mezani sahani, kijiko ndani yake, bugari, ugali wa muhogo, imekauka kama jiwe. Kandambili za kike mlangoni, zimeelekea nje. Kimya kiliniingia masikioni kama maji. Nikasema kwa sauti kwamba nimekuja kwa kazi ya Mungu. Nyumba haikupinga.

Ijumaa, 5 Septemba
Mabenchi yamefika kwa chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao ya kusukuma. Nilipokwenda kuyapanga, sakafu ilikuwa imefagiliwa! Sahani zimeoshwa, zimefunikwa kitambaa. Nikajua Mama Waridi amelainika. Nikaenda kumshukuru. Akasema hajakanyaga pale tangu Januari. Kisha akaingia kwake na kujifungia.

Wengine wana haya ya kutenda mema.

Jumapili, 7 Septemba
Ibada ya kwanza, baada ya chakula cha mchana. Wamekuja wachache: Mama Christa muuza makaa, majirani wake, na muzee mmoja asiyesikia vizuri, aliyedhani ni matanga.

Nikaanzisha wimbo. Nikauanzisha juu mno. Watu wakapotea mmoja mmoja. Hapo, nyuma ya ukuta wa jikoni, sauti ya mwanamke ikaudaka wimbo, nzito, ya kizee, ikaushusha mpaka mahali pa kubebeka. Wote wakaifuata. Ubeti wa pili ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya kisichana, ikipanda juu ya ile ya kwanza kama moshi. Nikatazama mabenchi. Hakuna msichana.

Tuliponyamaza, zilinyamaza. Kidogo baada yetu.

Mama Christa akauliza kwa kunong'ona: “Papa Buhendwa, kwaya iko wapi?”

Nikasema iko nyuma. Nikafunga ibada kabla ya sadaka. Mimi! Kabla ya sadaka!

Jumanne, 9 Septemba
Jana sikula. Kila bati likilia nashtuka. Leo asubuhi, nikinyoa ndevu, nikaelewa. Akonkwa ana sambaza. Mimi nina malaika!

Nimezunguka soko zima nikitangaza. Mama Christa anasema hajui kama ni malaika, lakini atarudi. Tangu Januari, anasema, hajasikia kitu kizuri hivyo.

Alhamisi, 11 Septemba
Pamejaa hadi uani. Wengine wamesimama dirishani na watoto mgongoni. Akonkwa naye kafika, na tabasamu lake. Akatangaza kwamba ni simu iliyofichwa. Tulipoimba akabandika sikio ukutani ili anifedheheshe.

Akaruka nyuma. Baadaye akawaambia watu kwamba amesikia mtu akivuta pumzi, kama mwimbaji anavyovuta kabla ya mstari mrefu. Simu haivuti pumzi. Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki. Utukufu!

Jambo dogo. Nilikuwa nimezisukuma zile kandambili chini ya benchi zisitukwaze. Wakati wa kufunga nilizikuta tena mlangoni. Safari hii zimeelekea ndani.

Nimefunga kamba haraka.

Jumapili, 14 Septemba
Niandike kwa mpango.

Pasta Mirindi amekuja kukagua. Nilikuwa na hotuba mfukoni ya kupokea cheo. Kabla hata ya wimbo akauliza mwenye nyumba ni nani. Nikajibu: Bwana. Akaonyesha alama mpya za ufagio sakafuni, akasema anauliza huyu anayefagia. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni. Nikapiga kelele asifungue. Akafungua.

Palikuwa na mkeka, jiko la makaa, na mwanamke mzee ameinua mikono yote miwili, kama mtu aliyesubiri siku nyingi kuja kufukuzwa.

Ni Mama Mukakalisa, mama mzazi wa Harelimana. Kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilipovunjwa alirudi kwa miguu, peke yake, akaingia kwa mlango wa nyuma. Siku zote hizo alijificha jikoni, saloni hakuigusa, hata majirani wasimjue, kwa kuwa hakujua nani bado ni rafiki. Kisha akaona mabenchi yanaingia. Akajua nyumba imechukuliwa, akaifagia hata hivyo: wageni ni wageni. Akaogopa kutoka, akaogopa kuondoka.

“Niliogopa,” akamwambia Pasta. “Lakini mulipoimba nikashindwa kunyamaza. Nilikuwa na njaa ya wimbo.”

Mama Waridi, aliyesikia kelele zangu kutoka kwake, akaingia mbio. Wakakumbatiana wakilia, wakatajana majina tena na tena.

Niliona aibu kwa dakika. Halafu nikafikiri: malaika mwenye mwili anaweza kubatizwa!

Pasta akawageukia watu. Kanisa la nyumbani, akasema, ni la mwenye nyumba. Yeye ndiye atasema tubaki au tutoke. Mama Mukakalisa akatutazama sote. Akasema tubaki, nyumba ilikuwa imenyamaza sana. Ila Papa huyu akae karibu na mlango, na asiimbe.

Watu wakaitika amina kwa nguvu isiyo ya lazima.

Kisha Pasta akamsifu Mama Mukakalisa kwa uimbaji wake, na akauliza yule msichana wa sauti ya pili yuko wapi, naye aje abarikiwe.

Mama Mukakalisa akakunja uso. “Ile si yenu? Miye nilizani iko mutu wenu.”

Jikoni hakuna mtu mwingine. Hakuna hata mahali pa kumficha.

Akatuomba tuimbe tena. Tukaimba, sauti zinayumba. Katikati ya ubeti akainua mkono. Tukanyamaza wote kwa pamoja.

Sauti nyembamba ikaendelea peke yake. Mstari mzima, safi, kutoka ukutani. Kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyegundua kwamba wenzake wameacha.

Mama Mukakalisa akaketi sakafuni. Akasema: “Olive.” Ni binti yake wa mwisho. Walipoteana Januari kwenye barabara ya Sake, watu wakikimbia, na hakuna aliyemwona tena. Akaegemeza shavu kwenye mawe. “Imba, mutoto wangu. Tuko hapa. Imba tu.”

Pasta akavua kofia. Watu wakatoka bila kusogeza benchi hata moja. Mama Waridi akabaki naye chini, amemshika mkono.

Jumatatu, 15 Septemba
Pasta amenituma nikaombe msamaha. Nimekwenda. Mama Mukakalisa alinipokea vizuri, akanipa chai. Nikaomba msamaha, kwa ufasaha. Kisha nikauliza, kwa heshima zote, kama binti anaweza kuhesabiwa upande wangu, kwa kuwa alijitokeza chini ya uongozi wangu.

Mama Waridi alinitoa nje kwa kunivuta ukosi wa shati. Chai ilikuwa bado nusu.

Jumatano, 17 Septemba
Mungu hamwachi mtumishi wake! Leo nimepita Himbi, na nini nimeona? Ghorofa zima tupu! Vioo, geti la chuma, bustani hadi ziwani. Mvua ilikuwa inanyesha, na mlinzi alikuwa nje ya geti, amelowa chapachapa. Nikamuuliza kwa nini hajikingi barazani.

“Humo hapana, Papa,” akasema. “Watoto wanachekaka kwa ngazi. Na mutoto haiko.”

Watoto! Nimemwambia mabenchi yanakuja Ijumaa. Akonkwa hana hata darasa moja, na mimi Shule ya Jumapili nimeshaipata.