Nyumba Inauzwa Pamoja na Kaburi

Jumatatu, 2 Juni 2025. Katoro.

Mnunuzi wa tatu amekimbia. Kwa miguu, siyo kwa maneno. Ameacha kofia.

Sebule aliipenda. Vyumba vitano, choo ndani, kisima, ukuta. Akaomba kuona uani. Nilimpitisha upande wa migomba, nikamzungusha nyuma ya tangi, lakini marumaru nyeupe hazifichiki saa sita mchana. Akauliza nani amezikwa pale. Nikamjibu ukweli: hakuna mtu, ni langu mwenyewe, liko tayari. Nilidhani hilo lingemtuliza.

Nililijenga Machi. Nani angenijengea? Ndugu zangu walipomzika baba walimaliza ng'ombe wawili wakaondoka bila kuweka hata tofali. Mimi nimeanza na baiskeli ya kubebea mawe ya dhahabu Rwamgasa, leo nina karasha mbili zinazosaga mawe ya watu. Silali chini ya kichuguu. Na marumaru zilikuwa zimeshuka bei. Shimo, zege, paa la bati la bluu. Mwezi uliopita fundi akasema achonge jina na mwanzo wa mwaka wa kufa kabisa, wafiwa wamalizie tarakimu mbili, ndiyo nafuu. Nikakubali. Sasa kila nikifungua dirisha la chumbani nasoma: ENOCK, 1968 – 20. Nafasi iliyobaki pale ni ndogo sana.

Mke wangu Paskalina alisoma mara moja tu, akafunga sanduku. Yuko kwa dada yake Nyahanga, kule Kahama, wiki ya tatu hii. Harudi kwenye nyumba yenye shimo linalosubiri mtu. Nikilibomoa pia harudi, eti ardhi imeshaahidiwa mtu. Niuze, tuhamie kwingine, ndipo nitamwona tena.

Nalala na taa inawaka.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata akili. Siyo kaburi, ni banda la mapumziko. Nimelitandika kitambaa, nikaweka viti vya plastiki na kreti ya soda. Jirani yangu Alois, dalali, alichungulia ukutani akasema limependeza, anayezikwa leo ni nani.

Saa nne akaja Mageni, mnunuzi wa dhahabu, kijana mwenye fedha na adabu. Akanipa shikamoo, akaketi palepale juu, akanywa soda, akasifu ubaridi. Akafika milioni themanini na tano bila kusukumwa. Halafu akagonga zege kwa chupa. Akagonga tena. Mtu aliyekulia kwenye mashimo huwezi kumdanganya kwa sauti ya uwazi. Akainua kitambaa. Akasoma. Akanitazama.

Akanipa shikamoo upya, polepole, kama anayejaribu kuona kama nitaitika.

Niliitika kwa nguvu zote. Haikusaidia. Ameshuka hadi sabini, kumi na tano amekatia shimo. Tena na sharti: lifungwe kwa mila, kabla yeye hajaingia. Akaniuliza kwa upole kama huwa nakula vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwendea Epifania, mjane wa nyumba ya mkono wa kushoto, kwao Bukombe. Anasema kwao kaburi lililochimbwa halifukiwi kwa udongo mtupu. Likikosa mtu litaenda kumtafuta mwenyewe. Linapewa mgomba, unaviringishwa nguo kama mwili, unashushwa, basi, limekula limeshiba. Akaniuliza kikohozi changu kilianza kabla ya Machi au baada. Nikasema sina kikohozi.

Jioni nilikuwa nacho.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Nimechagua saa ya misa kuu, mtaa mzima uko kanisani. Epifania naye amesafiri kwenda Ushirombo. Nimekata mgomba wa urefu wangu. Sanda dukani ni ghali, na kabatini kulikuwa na kitenge cha Paskalina kimekaa bure. Nikauviringisha, nikaufunga kamba tatu, nikauburuta. Mzito kama mtu. Nilipoushusha ukatoa mguno, naapa uliguna. Ikabidi niseme neno. Nikasema: pumzika, umeteseka vya kutosha na mimi.

Nikarudisha zege, nikanyoosha mgongo. Alois alikuwa juu ya bati lake na nyundo mkononi. Huyu hajawahi kwenda misa. Alikuwa ameacha kupigilia.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi wanawake saba wameingia uani bila hata salamu ya mwangaluka, wakatandika mikeka. Unga, maharage, sufuria kubwa. Wanaume wakaja kunishika mkono wakitazama pembeni. Nikadhani ni kwa ajili ya kikohozi changu.

Alois akaniuliza mbele ya wote, Mama Vumilia yuko wapi siku hizi. Sikutaka mtaa ujue kwamba mke amenikimbia. Nikasema kwa heshima: amepumzika.

Kilio kilichopanda hapo kiliangusha kuku kutoka mtini.

Nikapiga kelele kwamba simaanishi hivyo, yuko Nyahanga. Mwenyekiti wa mtaa akasema basi mpigie. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Kila mtu akageuka kutazama zege. Ningesema ni mgomba, wangeniita mchawi. Nikinyamaza, muuaji. Nilipiga hesabu ipi ina nafuu. Nikanyamaza.

Naandika haya nyuma ya risiti, mahabusu. Askari wanafukua kesho. Nina hakika ni mgomba. Nina hakika. Lakini mbona uliguna?

Jumatano, 11 Juni

Mtaa mzima ulikuja, na nusu ya soko. Walipoinua zege kikaonekana kitenge. Watu wanakijua, alikivaa Krismasi. Askari wawili wakanishikilia. Kamba ya kwanza ikakatwa. Ya pili. Mgomba.



Hapo ndipo Paskalina alipoingia getini, begi begani, ameshuka kwenye basi la Kahama. Alikuwa amepigiwa kwa simu ya dada yake na kupewa pole kwa kifo chake yeye mwenyewe. Wanawake wawili wakaangukia sufuria. Yeye aliwapita. Alitazama kitenge, akatazama mgomba, akanitazama mimi. Akasema, wote wakisikia: Baba Vumilia, umejijengea mwenyewe, umezika unavyotaka mwenyewe. Mimi hujawahi kunifikiria hata siku moja.

Epifania, aliyerudi mchana, akawaeleza mila. Askari akaniambia nimshukuru yule mama. Mgomba umerudishwa shimoni kwa sala, mwenyekiti shahidi. Mageni amepiga simu: sasa ameridhika kabisa, Ijumaa analeta milioni sabini na wakili. Paskalina analala kwa Epifania hadi tusaini, kisha tunaondoka wote. Alois ananiita Marehemu. Bei iko palepale.

Ijumaa, 13 Juni

Sijalala siku mbili. Maneno ya mke wangu yamenichoma. Ni kweli. Sikumfikiria. Mwanamke ameishi nami miaka ishirini na minane, akasoma jiwe lile akaona jina moja tu. Nani asingefunga sanduku?

Fundi amefika mapema, tumelipanua kaburi upande wa mashariki. Ukuta mmoja unahudumia watu wawili, kwa hiyo gharama kwa kila mmoja inashuka sana. Na sababu ya kuuza imekwisha. Mageni alipofika na wakili nikamweleza kwamba kama bado anaitaka sasa ni milioni mia, maana nafasi zimeongezeka. Hakushuka kwenye gari. Wakili alishusha kioo, akakipandisha.

Nikamwita Paskalina aje aone. Amesimama mbele ya jina lake muda mrefu, mkono mdomoni. Nimemwambia fundi asiondoke kwanza, huenda mama akapenda marumaru za rangi nyingine.