Ami Asiseme Kwanza

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mkutano wa idara, mvua inapiga madirisha. Daktari Nasimiyu ametangaza mada yake ya kongamano la mwisho wa mwezi: kwa nini biashara ndogo za katikati ya jiji hazikukua zikawa viwanda. Mada YANGU! Nimeifikiria miaka kumi na mmoja. Yeye ameanza kuifikiria tangu Pasaka. Eti anatafuta mafundi cherehani wa zamani awahoji. Nikapaliwa na chai.

Maana fundi wa zamani kuliko wote ni ami yangu, Shamsudin, mdogo wake marehemu baba. Ana miaka themanini na mbili, na anashona kanzu kwenye kichochoro nyuma ya Mtaa wa Biashara tangu sijazaliwa. Mwaka 1983 alikuwa na vyerehani kumi na viwili. Leo anavyo viwili. Vile kumi vilikwenda wapi? Wasomi wamegawanyika. Wapo wanaolaumu mkoloni, wapo wanaolaumu mitumba, wapo wanaolaumu benki, na wapo wanaolaumu hali ya hewa. Mimi nalaumu kukosekana kwa ulimbikizaji wa mtaji. Ami akithibitisha tu, uzamivu nimeupata. Nina miaka arobaini na saba na walinzi wa langoni bado wananiita Bwana Hafiz. Nasimiyu huitwa Daktari hata na muuza njugu.

Mpango: nimfiche Ami mpaka kongamano liishe.

Jumatano, 7 Mei

Safi kabisa! Nilimwambia Ami kikohozi chake kinataka hewa ya kwetu Waithaka. Alinijibu kwamba kikohozi hicho ni cha miaka sita na hakijawahi kuomba kuhama. Hata hivyo amekuja. Mfuko mmoja, na mkasi wake umefungwa kwa kitambaa. Nabiha, mke wangu, amemtandikia chumba cha mbele.

Duka ameachiwa Were, mkata vitambaa wake wa siku zote, mtu wa Busia. Nimemkataza asimwambie mtu yeyote mzee yuko wapi. Were akauliza kama mzee anatafutwa na polisi. Nikamwambia ni mbaya zaidi, anatafutwa na chuo kikuu.

Kwenye chakula Ami akaanza mwenyewe. Vile vyerehani, Hafiz... Niliruka! Karibu nimzibe mdomo kwa mkono. Kamati ya Maadili ya Utafiti haijapitisha ombi langu, na neno likisemwa kabla ya kibali halifai kutumika popote. Isitoshe ushuhuda ni kama majani ya chai, rangi yote hutoka mara ya kwanza. Nikamsihi ayahifadhi maneno yake. Akaomba chumvi.

Ijumaa, 9 Mei

Ami alitaka kuswali msikiti wa Jamia, mjini, kama kila Ijumaa na kukaa kidogo na wenzake. Hatari! Ofisi ya Nasimiyu iko hatua chache tu kutoka pale. Nikampeleka msikiti wa Kawangware. Aliswali vizuri. Baadaye alikaa kwenye ngazi akiangalia watu wakivaa viatu, akingoja atokee mmoja anayemjua. Hakutokea. Nilimnunulia juisi ya miwa, hakuimaliza. Nilijisikia vibaya. Naliandika hilo kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Nikaipigia simu ofisi ya kamati. Janice, karani wao, akasema, "Watu hawajatosha, Bwana Hafiz. Mmoja ako Kisumu. Jaribu wiki ijayo."

Jumapili, 11 Mei

Balaa jikoni! Nimeingia nikamkuta Ami anamenya vitunguu saumu, Nabiha anakuna nazi, na wote wawili wanacheka mpaka machozi. Nikauliza mazungumzo yanahusu nini. Nabiha akasema ni mambo ya dukani, ya zamani. Ya zamani! Ushuhuda wangu unamwagika kwenye sufuria!

Nimeweka sheria. Ami anaruhusiwa kuzungumzia chakula, hali ya hewa, na jambo lolote lililotokea kabla ya uhuru. Nabiha akaniuliza kama nimerukwa na akili. Ami alikubali bila ubishi. Wakati wa chakula alizungumzia mvua mwanzo hadi mwisho, na mvua ya Waithaka haina mengi ya kusemwa.

Jumanne, 13 Mei

Kamati imerudisha fomu. Maswali yote yatafsiriwe Kiswahili, kisha yajaribiwe kama mhojiwa atayaelewa. Nimetafsiri siku nzima. Jioni nikamsomea Ami swali la saba, kwa sharti kwamba asilijibu: "Ni vikwazo gani vya kitaasisi vilivyozuia ulimbikizaji wa mtaji katika biashara yako?" Nikamuuliza kama ameelewa. Akasema maneno ameyaelewa yote, ila hajajua anayeulizwa ni nani.

Nimeandika: ameelewa.

Jumatano, 14 Mei

Nasimiyu amepiga simu. Kumbe alikwenda dukani na kitambaa cha gauni. Alipomwuliza Were mzee yuko wapi, Were aliangalia dari. Sasa ananiuliza mimi, kwa sababu anajua Shamsudin ni mtu wetu. Nikamwambia amesafiri, yuko Lamu. Hapo hapo Ami akaanza kukohoa chumba cha mbele. Kikohozi kirefu, hakiishi. Nasimiyu alikisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi nisalimie yeye huko Lamu. Na umpeleke hospitali, Hafiz. Hiyo kifua si ya kucheza nayo."

Nilimwambia ni redio.

Ijumaa, 16 Mei

Jana Nabiha alimpeleka zahanati. Ni mapafu. Walitaka alazwe, yeye akakataa. Alisema akitoka Waithaka anakwenda dukani tu, si kwingine.

Asubuhi aliniita. Sauti imekuwa ndogo. Alisema nikae kitandani, anataka kuniambia jambo, na kalamu niiache huko nje. Nilisimama mlangoni. Nilitaka kukaa. Wallahi nilitaka. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa, nikilala chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa. Lakini Janice ameniapia kwamba kibali kinatoka Jumatatu, na siku tatu ni nini kwa mtu aliyengoja miaka kumi na mmoja? Nikamwambia, Jumatatu, Ami. Tutakaa kutwa nzima na kinasa sauti, kisha nitakurudisha dukani kwa mkono wangu.

Akasema, "Haya, baba."

Jumapili, 18 Mei

Ami amefariki. Saa moja asubuhi. Nabiha alikuwa naye, amemshika mkono. Mimi nilikuwa dukani kwa Wachira nikitoa nakala za swali la saba.

Jumatatu, 19 Mei

Tulimzika jana alasiri, makaburi ya Kariokor. Nilitarajia watu ishirini. Walikuja zaidi ya mia mbili. Mbele kabisa walikuwepo wanaume kumi ambao sikuwatambua, wengine wana mvi, wanapokezana jeneza na hawataki kuliachia. Mimi, mtoto wa marehemu, nililishika mara moja tu. Watatu kati yao walikuwa Wakristo. Walivua kofia wakati wa dua, wakasimama nyuma wakilia kama watoto. Nikadhani wamesikia kuna pilau. Nilimtumia Nabiha ujumbe kwamba nyama aigawe kwa uangalifu.

Tuliporudi nyumbani, Were alisimama uani, palipojaa watu. Hakuwa amejiandaa. Alieleza kwamba kila kijana aliyemaliza kufunzwa na akataka kuoa, Ami alimfungia cherehani kimoja kwenye gunia akamwambia nenda kaanze pako. Vyerehani kumi, watu kumi, na ndio hao. Mmoja ana duka Jamhuri, mmoja Kitale, mmoja Lunga Lunga. Kitheka, yule mwenye koti la kijivu, anashona sare za shule Machakos na ana mafundi arobaini. Kila mmoja amefunza wengine, nao wakafunza wengine. "Watu wanasema mzee alianguka," Were akasema. "Hakuanguka. Alitupea. Hata mimi alinipea yangu, nikakataa kutoka. Zile mbili zimebaki, moja ni yangu." Hapo akakaa chini kwenye majani.

Nililia mpaka kifua cha kanzu kikalowa. Ni yeye aliyenishonea kanzu hiyo. Kisha, sijui nilipatwa na nini, nikamfuata Kitheka nikamuuliza kama yuko tayari kutia saini fomu ya ridhaa. Alinishika bega, akaniambia nipumzike.

Nasimiyu alikuwepo tangu asubuhi, jikoni na kina mama, akichambua mchele. Nilimchunguza vizuri. Hakuwa na daftari. Mjanja sana.

Jumatano, 21 Mei

Kibali kimetoka! Muhuri wa bluu, saini tatu. Nilikwenda kukichukua mwenyewe. Janice akasema, "Pole sana kwa msiba, Bwana Hafiz. Lakini si angalau imetoka?" Kinaniruhusu kumhoji mtu mmoja, Shamsudin, kwa muda wa mwaka mzima.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo la utawala. Wanafunzi walinipita. Mmoja aliuliza kama nimeteguka mguu.

Nimetafakari makala yangu. Aliyoyasema Were aliyasema uani, bila kibali, bila kinasa sauti, na kabla hajaulizwa. Kwa hiyo hayamo. Tena yanaharibu jedwali. Jedwali linasema vyerehani kumi vilipotea, nami sina safu ya vitu vilivyotolewa. Nimeiacha hoja ilivyo: duka lilisinyaa kwa kukosa mtaji. Nimetia jina la Ami kwenye shukurani, mstari wa kwanza. Niliandika "marehemu" nikafuta, nikaandika tena.

Chumba cha mbele bado kinanuka dawa ya kikohozi. Sijaweza kutandua kitanda. Nabiha naye hajaweza.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeswali Jamia leo. Wazee wenzake wananijua wote! Kila mmoja alinishika mkono, akaniuliza kwa nini Ijumaa zile mbili hawakumwona. Nilisema alikuwa Waithaka kwa ajili ya hewa. Mmoja akauliza hewa gani.

Jioni Nabiha alinimiminia chai, akakaa mbele yangu, akafunga mlango wa jikoni ingawa hatukuwa na mgeni. Alisema Jumamosi ile, siku moja kabla, Ami alijua kwamba anakwenda. Alijua Jumatatu haitafika. Akamwachia Nabiha maneno ya kunipa mimi. Si ya vyerehani, Nabiha akasema, na si ya kitabu. Ni yako wewe Hafiz, yanahusu siku alipokuleta kutoka Mombasa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alinishika vidole akaanza, "Alisema, mwambie mwanangu..."

Nikamzuia! Kila kiungo changu kilitaka kusikia, na bado nikamzuia, na kusema kweli najivunia. Nilimfafanulia kwamba maneno ya marehemu yakipitia kwa mtu wa pili ni ushuhuda wa kupokezana, na yanahitaji kibali cha peke yake. Janice anasema wiki sita, nane zikizidi. Hayatawahi kongamano hili, lakini mwakani lipo lingine. Nikamwomba ayatunze vilevile, asiongeze wala asipunguze, na asimwambie mtu, hasa Nasimiyu.

Nabiha aliachia vidole vyangu. Alisema yeye si kabati, anaweza kusahau. Kisha akachukua chai yake akaenda kukaa chumba cha mbele, kwenye kile kitanda. Namsikia analia kule. Nami nalia huku, na fomu iko mezani.

Ina kurasa kumi na nne. Nimeanza nayo. Jina la mhojiwa: Nabiha. Umri: arobaini na tatu. Uhusiano wake na mtafiti: hapo nimefikiri sana, maana kamati haipendi mambo ya jamaa. Nimeandika: hakuna.