Miguu Yangu Katika Chumba Namba Sita

Leo sina pa kuuficha uso. Nimejaribu chini ya mto, hapatoshi.

Nawaandikia, ndugu zangu, nikiwa nimelalia tumbo, kwa sababu upande ule mwingine haulaliki. Najua barua hii ikifika huko Malaba mtaisoma pamoja, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayepewa aisome. Sawa. Bora mpate habari kwangu kabla hamjapata kwa madereva wa malori, maana nusu yao wanalala kwa Makokha na wote walikuwepo.

Makokha ni yule jirani yangu wa ploti ya chini. Mwaka juzi baraza la mji lilipopitisha sheria kwamba mwenye ploti anaweza kuigawa na kuongeza vyumba vya kupangisha, mimi nilicheka. Nani atapanga chumba ambacho ukinyoosha miguu unafungua mlango? Makokha hakucheka. Alikuja na fomu, kwa sababu sheria inataka jirani asaini kwamba hana malalamiko. Nikasaini huku nikimhurumia. (Huruma! Mimi!)

Sasa ana vyumba sita na vyote vina watu. Kuna wauza samaki, kuna madereva waliokwamia mpakani, kuna mama mmoja wa Uganda mwenye ndizi ambaye kila akimwona Makokha humwita "ssebo", yaani bwana, na kupiga goti. Mimi nikiwa barazani kwenye cherehani yangu nasikia watu wakiita, "Landilodi, maji yameisha! Landilodi, taa!" Landilodi, yaani mwenye nyumba, ni Makokha, ambaye nilimjua akiwa na baiskeli moja isiyo na breki. Roho iliniuma, jamani. Sitasema nilikuwa na wasiwasi, wala sitasema nilikuwa na maoni. Nilikuwa na wivu, na asubuhi ulikuwa unaamka kabla yangu.

Kisha akaniletea kazi ya kushona mapazia ya vyumba vyote sita. Kitambaa chekundu chenye kasuku wa kijani. Nilishona kasuku siku nne, nimeuma meno.

Mke wangu Nafula ndiye aliyesema ukweli.

"Baba Taaka, na sisi tugawe hii ploti. Huku nyuma kuna nini? Ni mihogo na kuku tu."

"Nitafikiria."

"Umefikiria mpaka Makokha amemaliza kujenga."

Basi nikajaza fomu. Vyumba vinne, vyoo viwili, lango upande wa barabara. Ilibaki sahihi moja tu, ya jirani. Na karani wa ploti alikuwa aje leo saa nane kukagua. Asipoikuta sahihi hiyo, faili langu linarudi chini ya mafaili mengine, na mnajua faili likilala chini ya mengine halina wa kuliamsha. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi tena. Vyumba vyangu vyote vinne vilikuwa kwenye kalamu ya Makokha.

"Wewe enda tu umwambie," Nafula akasema asubuhi. "Yeye si mtu mbaya."

"Nitaenda."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo."

"Nimesema nitaenda."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi kuinama mbele ya landilodi nikaona siwezi. Nikatafuta njia nyingine, na hapo ndipo yalipoanzia.

Sheria hiyo hiyo inasema nyumba isikaribie mpaka, iache futi tatu. Mpaka wetu ni ule mstari wa makonge. Sasa mimi, kwa miezi mingi nikiwa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, nilikuwa naliangalia paa la chumba namba sita, na niliona wazi kabisa kwamba limevuka makonge. (Jicho la wivu lina kipimo chake.) Nikawaza: nikilipima na kuthibitisha, sitahitaji kubembeleza mtu. Nitamwambia Makokha, saini hapa, na mimi kuhusu paa lako nitanyamaza. Mwanaume kwa mwanaume.

Saa saba na nusu Nafula alitoka na sufuria iliyofunikwa, akasema anapeleka chakula mahali. Sikuuliza ni mahali gani. Ningeuliza, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Nikaegemeza ngazi upande wangu. Kipimo changu kilikuwa kile cha kazini, utepe wa fundi cherehani, wa inchi sitini. Nikaushika kwa meno, nikapanda juu ya bati, nikalala kifudifudi ukingoni, nikaunyoosha kuelekea makonge na kuanza kupima.

Futi nne.

Paa la Makokha lilikuwa limeacha futi nne nzima. Nikapima tena. Nne. Nikaona labda utepe umevutika kwa kupima viuno vya watu, nikaupima kwa kiganja. Ulikuwa mzima. Mtu huyu alikuwa amejenga vizuri kuliko sheria yenyewe, na jambo hilo likaniudhi kuliko kama angevuka mpaka.

Nikainuka nipime kona ya pili. Sasa, fundi wa paa hukanyaga penye misumari, kwa sababu chini ya misumari kuna mbao. Mimi ni fundi wa nguo. Nikakanyaga katikati.

Bati lilisema neno moja tu. Nikazama mpaka kiunoni.

Hebu niwaeleweshe vizuri nilivyokaa, maana mnapaswa kuiona. Kuanzia kiunoni kwenda juu nilikuwa Busia, kwenye jua, nimeshika utepe. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa ndani ya chumba namba sita, maana vyumba hivi havina dari. Na kutoka kule juu nikamwona Makokha akiingia langoni na mtu mwenye faili kwapani. Karani alikuwa amewahi, na alianzia kwa jirani. Serikali kuwahi, siku ya leo.

Halafu chini ya miguu yangu nikasikia sauti ya mwanamke, polepole kabisa.

"Nafula, mwanangu. Hapa juu kuna miguu."

"Miguu ya nini, mama?"

"Ya mtu."

Nikajua Nafula ameinua macho na ameona viatu ambavyo huvipaka rangi kila Jumapili twende kanisani.

"Mama," akasema, "angalia ukuta. Tafadhali usigeuke."

Ninyi wa kwetu mnaelewa. Huyo alikuwa mama mkwe wangu kutoka Marachi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali meza moja, hawalali nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja hupita majanini. Miaka tisa nimeoa, nimemwona mara tatu, na zote kwa mbali. Kumbe amekuja kutusalimia, na kwa kuwa hawezi kulala kwangu, Nafula amempangishia kwa Makokha. Na hakuniambia kwa sababu nilikuwa nimepiga marufuku mtu yeyote kuvitaja vyumba hivyo nyumbani kwangu.

Nikaamua nijivute nirudi juu kabla hajageuka. Nikakaza mikono na kujisukuma. Msumari ukashika suruali kiunoni. Nikasukuma tena. Kifungo, nilichokishona mwenyewe kwa uzi wa mara mbili, kikakata tamaa, na mikono nayo ikateleza.

Suruali ilibaki juu. Mimi nikaenda chini.

Niliangukia gunia la mihogo mikavu ambalo mama mkwe alituletea zawadi. Mihogo mikavu ina kona, nawaambia. Lakini maumivu hayo hayakuwa kitu, kwa sababu mlango ulifunguliwa wakati huo huo. Makokha mbele, karani nyuma yake, na nyuma yao madereva na yule mama wa ndizi.

Fundi yeyote atawaambia kwamba kitambaa kinachobaki ni haki ya fundi. Ndivyo tulivyofundishwa. Na kitambaa cha mapazia kilikuwa kimebaki kidogo. Basi nikawa nimekaa juu ya mihogo na kaptura yangu ya ndani, nyekundu, yenye kasuku wa kijani, na dirishani pazia jekundu lenye kasuku wa kijani. Karani akaangalia dirisha. Akaniangalia mimi. Akaangalia dirisha tena.

"Nyinyi mmeshonesha seti?" akamuuliza Makokha.

Yule mama wa ndizi akatoka nje, akakaa chini, akacheka mpaka akawa hana sauti.

Nikachukua karai lililokuwa karibu, nikajifunika uso. (Ndiyo, uso. Baadaye nimefikiri kwamba ningefunika kwingine.) Mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta, leso kichwani, hatikisiki. Kusema nami hawezi, kwa hiyo aliuambia ukuta.

"Muulizeni huyo mtu alikuwa anatafuta nini huko juu."

"Mama anauliza ulikuwa unatafuta nini," Makokha akaniambia, kana kwamba nimekaa Kampala.

"Mwambie nilikuwa nakagua bati," nikasema ndani ya karai.

"Anasema alikuwa anakagua bati."

"La nani?"

Nafula ndiye aliyejibu, na alijibu kila kitu: sahihi, makonge, futi, wivu wangu wa tangu mwaka juzi. Alisimulia bila kupaza sauti. Nilitamani apige kelele.

Makokha akamwambia karani, "Lete hiyo fomu ya jirani."

Akaitandaza ukutani, akasaini.

"Mimi sina malalamiko," akasema. "Tena mpeni haraka. Mtu kama huyu lazima apate vyumba vyake, asikuwe anaingia vya watu."

Karani akapiga muhuri hapo hapo juu ya faili lake. Jamani, nikiwa kwenye kasuku wangu na karai langu, moyo uliruka. Mabaya yote yamepita, nikawaza, lakini vyumba vinne nimevipata. Aibu huisha, nyumba hubaki.

Ndipo mama mkwe akauambia ukuta tena.

"Nafula, yale mabati ishirini niliyokuja nayo leo kwa pikapu, ya kuezeka vyumba vyenu."

Mimi sikujua kuna mabati. Nikainua karai kidogo nisikie vizuri.

"Ndiyo, mama."

"Mpe huyu mwenye nyumba."

"Mama, yeye ametobolewa moja tu."

"Mpe yote. Huyu akipewa bati anakaa chini yake. Yule wako anakaa juu. Na mwambie alete mbuzi wa kuiosha hii aibu nyumbani kabla sijarudi kukumbuka nilichoona."

Makokha alikataa. Alikataa kweli, mara mbili, sitamsingizia. Lakini nani anabishana na mzee aliyegeukia ukuta? Jioni hii amekuja na chai kwenye chupa na suruali yangu imekunjwa vizuri, ameniuliza mgongo unaendeleaje, na amesema anafikiria kuongeza chumba cha saba na cha nane, kwa kuwa Mungu amemletea mabati.

Kwa hiyo kibali ninacho, kina muhuri na sahihi, na kwa sasa vyumba vyangu vinne vitaezekwa kwa hicho kibali. Ninyi vicheko vyenu vimalizieni huko huko Malaba, na jirani akijenga, mpeni hongera mkipitia mlangoni.