Simu Imemeza Ng'ombe Wetu

Marietha Alute (Mama Eliana),
Katibu, Jumuiya ya Mtakatifu Monika,
Ilongero, Singida.
Jumanne.

Wasimamizi,
Jumuiya ya Programu ya Chiriku,
Popote Mlipo.

Ndugu Wasimamizi,

YAH: MALALAMIKO YA MWANAJUMUIYA WA KAWAIDA, PAMOJA NA MWALIKO WA LAZIMA

Poleni na kazi. Huku sisi ni wazima kiasi, na kama ninyi ni wazima sijui, maana tangu nijiunge nanyi sijamwona hata mmoja wenu.

Nawaandikia nikiwa mtu anayejua maana ya jumuiya. Hapa Ilongero nimekuwa katibu kwa muda ambao wenyeviti wanne wamekuja, wakachoka, wakaniacha palepale. Najua jumuiya inavyosali nyumba kwa nyumba, inavyomtembelea mgonjwa, inavyobeba maji kwenye msiba, na inavyomsema asiyekuja. Kwa hiyo siku ukurasa wenu uliponiambia, tena kwa Kiswahili kizuri tu, "Karibu kwenye jumuiya yetu. Huhitaji kuwa mtaalamu. Mtumiaji wa kawaida naye ni mwanajumuiya. Kila mchango unathaminiwa," sikusita. Nilibonyeza. Tangu nibonyeze nimejaa manung'uniko, neno ambalo programu yenu kwa sasa haiwezi kulitamka.

Msije mkadhani nina chuki. Mume wangu, Laurian, alipasuliwa koo mwaka juzi. Uvimbe ulitoka, na sauti ikatoka nao. Mtu ambaye zamani akikohoa tu zizini mbwa wa jirani wanatulia, akawa anaita watu kwa kupiga makofi. Binti yetu Eliana, anayefanya kazi kwenye steshenari kule Utemini, ndiye aliyemwekea Chiriku kwenye simu. Laurian anaandika, simu inasema. Eliana akatueleza kwamba ni ya bure, imetengenezwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea, na hakuna anayeimiliki peke yake. Siku ya kwanza simu iliposema "Marietha, chai haina sukari," nililia mbele ya wageni. Sijawahi kufurahia kulaumiwa namna ile.

Sasa malalamiko.

1. Jumuiya yenu haina zamu. Wiki ya kwanza niliuliza kwenye ukurasa wa mazungumzo: wiki hii tunakutana kwa nani? Kimya. Nikaona labda ni haya, nikajitolea. Nikaandika kwamba Alhamisi jumuiya ni kwangu, jirani na mashine ya kukamua alizeti, na chai itakuwepo. Watu kumi na sita waliweka kidole gumba. Kwetu mtu ukimwalika akakuonyesha kidole gumba, amesema anakuja. Nikakanda ngano, nikachemsha viazi, nikaazima viti kwa Mama Dorika, ambaye ni Mlutheri na hakuwa na sababu yoyote ya kuniazima. Hakufika hata mmoja. Chai ile tuliinywa mimi, Laurian na Mama Dorika, ambaye kila alipojimiminia kikombe aliuliza wageni wangu wamefika wapi.

2. Wanajumuiya wanaficha majina. Mmoja anajiita Kivuli. Mwingine ni tarakimu tupu, utadhani ng'ombe aliyevalishwa hereni ya sikioni. Na yule anayenijibu kila mara, tena kwa adabu, simu ikinitafsiria, anajiita Bundi. Ndugu Wasimamizi, nyumba yangu ina mgonjwa. Kwetu bundi akitua kwenye paa la mgonjwa watu wanatoka na mawe. Ninyi huyo Bundi ndiye mliyempa kazi ya kupokea wagonjwa! Nilimwomba kwa upole abadilishe jina, akasema amelizoea. Mama yake je, naye amelizoea?

3. Mlinifungia mara mbili. Mlisema mchango si fedha. Mtu akiona mdudu alete taarifa. Mimi ni mkulima, nikawaletea taarifa ya viwavi wa alizeti, kwa picha. Mkaifunga. Hilo nimewasamehe, kwa sababu baadaye Eliana alinieleza kuwa mdudu wenu ni hitilafu ya programu. Lakini nilipoleta hitilafu yenyewe mkaifunga tena, mkaandika: "Imefungwa. Tatizo hili limeshasemwa na mwingine." Hivi kwenu watu wawili wakiugua malaria mnamtembelea mmoja? Yule wa pili mnamwambia alale tu, homa yake imeshasemwa?

4. Sasa hitilafu yenyewe, ambayo ndiyo imenitoa jikoni. Mwezi uliopita simu ya Laurian ilijisasisha yenyewe bila hata kupiga hodi. Ilipowaka ilikuwa imemeza ng'. Sisemi ng ya ngoma, hiyo ipo. Nasema ile yenye ritifaa, kile kialama kidogo cha juu. Ng'ambo ikawa "ambo". Ng'ombe akawa "ombe". Mwanzoni tulicheka. Jirani yetu Fabiano alikuja kutusaidia kusafisha shamba, Laurian akamwandikia, "Ng'oa kile kisiki." Simu ikasema kwa sauti kubwa, "Oa kile kisiki." Fabiano ana umri wa miaka arobaini na hajaoa. Alidhani anasemwa, akachukua jembe lake akaondoka. Kisiki bado kipo.

Mtasema Laurian aandike bila ritifaa. Ameandika. Simu ikasema "ngombe", kama mtu aliyemwona mnyama huyo kwenye kalenda tu. Laurian akaizima. Mtasema aseme mifugo. Ukisema mifugo hapa, mtu atakuletea bata. Mtasema aandike Kinyaturu. Kinyaturu Chiriku hakijui kabisa, anakisoma kama anatafuna changarawe.

Kicheko kiliisha tulipopata habari kwamba Jumamosi hii wazee wa Issuna wanakuja kuzungumza mahari ya Eliana. Kijana wao, Moses, hatuna neno naye. Lakini kwetu mahari ni ng'ombe, na anayemtaja ng'ombe ni baba wa binti. Mimi mama mtu nitakuwa jikoni. Baba asiposema, atasema mdogo wake, Urbano. Mtaniambia Laurian aandike kwenye karatasi, Urbano asome. Urbano hasomi, anatunga. Wageni wakimsifu shati atawasamehe nusu ya zizi kabla wali haujaiva.

Na wala si idadi ya ng'ombe inayoniuma. Jana nilimkuta Laurian nyuma ya nyumba, ameshika simu, anabonyeza neno lilelile: ombe, ombe, ombe. Kisha akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga na kifungo. Tangu hapo hajasema kitu. Jioni alinishika kiganja akaandika kwa kidole kwamba Urbano aitwe. Ndugu Wasimamizi, mwanamume huyu amechunga tangu akiwa mfupi kuliko fimbo yake, na mtoto huyu ni yeye aliyemzungusha mabegani. Najua hata mdomo wa simu ni wa kuazima, lakini maneno yalikuwa yake. Leo akae kwenye kiti kama kinyago, mtu mwingine amtoe binti yake? Inaniuma, na sioni haya kuandika kwamba inaniuma.

5. Majibu ya Bundi. Nilipomweleza yote hayo, aliniomba nimpe "hatua za kulirudia tatizo". Nilirudie! Kwenu mtu akianguka mtini akavunjika mguu, daktari humwomba apande tena ili aanguke vizuri? Akauliza simu ni toleo gani, kibodi ni ya aina gani, na eti ritifaa yetu imenyooka au imepinda. Nikavaa miwani nikaangalia. Imepinda. Kama zamani ilikuwa imenyooka siwezi kuapa, sijawahi kumkagua ritifaa mgongo. Halafu akaniomba nijirekodi nikitamka maneno yenye ng'. Nilimrekodia ng'ombe, ng'oa, ng'ambo na king'ang'anizi, na mbuzi wangu akaingilia katikati. Niliyatuma. Ameyapeleka wapi sijui.

6. Uwazi wenu umezidi. Mnasema programu iko wazi, yeyote anaweza kuingia ndani akaitengeneza mwenyewe. Niliingia. Ni sawa na kuambiwa chumba cha upasuaji hakina kufuli, karibu ujipasue. Nikakasirika, nikaandika kwamba nitaondoka. Kivuli akanijibu kwa furaha kabisa kwamba hiyo ni haki yangu: ninaweza kuinakili programu nzima, nikaenda nayo, nikaanzisha jumuiya yangu. Kwetu jumuiya ikitaka kugawanyika, paroko hukosa hamu ya kula. Ninyi anayeondoka mnamfungashia na vyombo!

Kwa kuwa hitilafu ni yenu wote, na kwa kuwa mmesema wenyewe kwamba hakuna mwenye programu peke yake, basi hakuna asiyehusika. Kwa hiyo nadai kwamba Jumamosi wanajumuiya wawili wafike hapa nyumbani. Mkishafika Singida mjini, ni bodaboda tu. Wakae mmoja kulia na mmoja kushoto kwa Laurian, na kila atakapoinua kidole waseme "ng'ombe", kwa sauti ya mtu mzima, bila kuongeza wala kupunguza. Bundi anaweza kuwa mmojawapo, ila mlangoni ataje jina la ubatizo, na kama ni Mwislamu ataje alilopewa na wazazi. Chakula kipo. Safari hii msiniletee vidole.

Msipofika, nitawasoma mbele ya jumuiya yangu kama watoro. Nitajitoa rasmi kwenye jumuiya yenu, nitamfuta Chiriku kwenye simu, na Laurian atarudi kwenye makofi. Makofi angalau hayana ritifaa.

Nisalimieni wanajumuiya wote, wakubwa kwa wadogo. Msalimieni Kivuli, na yule wa tarakimu mwambieni apumzike. Salamu nyingi kwa aliyewaandikia ukurasa wenu kwa Kiswahili, maana ndiye aliyeniingiza humu. Mama yake Bundi mpeni shikamoo yangu kama amenizidi umri. Mama Dorika naye anawasalimu, na anauliza mtahitaji viti vingapi.

Wenu katika jumuiya hadi Jumamosi saa nne asubuhi,

Marietha Alute

Tanbihi

Barua hii ilikuwa ikimsubiri Eliana aipige picha awatumie. Leo Alhamisi asubuhi simu imejisasisha tena. Nilitaka kuitupa kisimani, Laurian akaninyang'anya akaenda nayo zizini. Nikiwa bado natafuta kanga nimfuate, nikasikia: "Ng'ombe!" Ng' nzima, pamoja na kila kilicho chake. Kisha tena: "Ng'ombe. Ng'ombe wangu." Nilimkuta ameegemea lango, ameinua simu juu, na ng'ombe wenyewe wameacha kutafuna wanamtazama. Nami nikaegemea lango pembeni yake, bila kanga.

Eliana amekuja akanisomea mlichoandika kuhusu mabadiliko. Kwamba kibodi za siku hizi zinaandika ritifaa iliyopinda, na Chiriku mpya alikuwa akiijua iliyonyooka peke yake. Sasa anazijua zote mbili. Chini yake mmeandika: "Imerekebishwa na Bundi. Shukrani kwa Mama Eliana wa Ilongero, aliyetuonyesha kosa na kututamkia, na kwa mbuzi wake." Kumbe mchango wangu mliupokea. Halafu Bundi ameniandikia mimi peke yangu: "Shikamoo Mama. Nisamehe kwa Alhamisi ile. Sikujua kwamba kidole gumba ni ahadi."

Marahaba, mwanangu.

Basi futeni la kwanza, futeni la pili, na yote yaliyofuata. Bundi abaki Bundi. Akitua kwenye paa langu nitamwekea ngazi. Urbano ameshaambiwa kwamba Jumamosi anakuja kula tu. Na kujitoa sijitoi, msithubutu kuniondoa, ila hilo la zamu bado tutalizungumza.

Nina tatizo moja jipya, ambalo naomba msilifunge hata kama limeshasemwa na mwingine. Tangu asubuhi Laurian hajanyamaza. Amesema chai haina sukari. Amesema viti havitoshi. Amemwita Fabiano kutoka ng'ambo ya barabara aje aking'oe kisiki, na Fabiano amekuja. Sauti ipo juu mpaka Mama Dorika ameuliza kama hatimaye wageni wangu wamefika. Hatua za kulirudia tatizo: mpe Laurian simu, kaa karibu naye, subiri.

Msiharakishe kulirekebisha.