Mgongo Uko Kifurushi cha Juu

Umma unajulishwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba kuanzia mwezi huu taifa limestaarabika: hakuna tena kununua kitu kikawa chako. Kumiliki ni tabia ya kizamani, kama kulamba stempu. Sasa tunajiunga. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Mpito kutoka Kumiliki kwenda Kujiunga, na Waraka husika niliuandika mwenyewe, kurasa themanini na moja bila viambatisho.

Tulianza na programu za kompyuta. Zamani raia alilipa mara moja, akaondoka na programu yake, na kampuni haikumjulia hali tena hadi anakufa. Huo ni ukosefu wa utu. Chini ya Waraka, kampuni inamkumbuka mteja kila mwezi, tarehe ileile, alfajiri. Na ili wananchi wasioneane wivu, hata waliokwisha kununua miaka ya nyuma walihamishwa wakiwa wamelala.

Manung'uniko yalikuwa machache. Nitataja moja tu, kwa sababu ndilo lililotuvua nguo.

Jumatatu aliingia ofisini Mama Pindo, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na lango letu. Nusu ya Wizara tunashonewa na yeye. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni, akazitoa ndipo akaongea.

"Mwanangu, kompyuta imenifungia nje ya kazi yangu."

"Haijakufungia, mama. Imekualika."

Akaweka risiti mezani. "Programu ya kuchorea nguo niliinunua miaka kumi na moja iliyopita. Nililipa yote. Hii hapa."

Niliishika risiti kwa heshima, kama picha ya marehemu. "Inathibitisha kwamba uliwahi kununua. Hatubishi. Hongera sana."

"Sijaja kupongezwa. Humo ndani mna michoro yangu yote. Mna mchoro wa binti wa dada yangu, ambaye mgongo wake umepinda tangu utotoni. Nguo za dukani zinamkaa vibaya. Mchoro wake niliupata baada ya kumjaribisha mara saba! Jumamosi anaolewa, na anafika Ijumaa usiku. Nitampima saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba michoro haijapotea. Ipo, salama kabisa. Haionekani tu.

"Sikiliza, baba," akasema. "Mtoto yule watu wamemtazama mgongo maisha yake yote. Siku hiyo moja nataka wamtazame uso."

Nakiri iliniuma. Kwa hiyo nikafungua jedwali la vifurushi.

"Habari njema. Kifurushi cha Msingi kinakuruhusu kuona upande wa mbele wa kila nguo."

"Na wa nyuma?"

"Mgongo uko kifurushi cha juu. Unasaini miaka mitatu, halafu maombi yanapitiwa kwa siku tisini."

"Harusi ni Jumamosi hii!"

"Basi bibi harusi awe anawaelekea wageni muda wote. Ni adabu pia."

Alinitazama jinsi fundi anavyotazama kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Kisha akaomba nakala ya Waraka. Nilifurahi mno. Alikuwa raia wa kwanza kuuomba kwa hiari.

Ijumaa ilikuwa siku ya uzinduzi. Ukumbi ulijaa, kamera zikapangwa, na Mheshimiwa Waziri akaingia kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa nguo za mazoezi, kwa kuwa suti yake ya sherehe ilikuwa kwa Mama Pindo tangu Jumatano ikiongezwa kiuno. Mama Pindo aliileta mwenyewe katika chumba cha kuvalia, imepigwa pasi, inang'aa. Mbali na yeye, tulikuwa watatu mle: Mheshimiwa, mimi, na mwakilishi wa kampuni ya programu na kishikwambi chake.

Mheshimiwa akavaa, Mama Pindo akimsaidia. Mbele ilimkaa kama kazaliwa nayo. Akageuka kuchukua hotuba, nami nikaona soksi, vigimbi, mapaja, na chupi ya bluu yenye mistari. Nyuma hapakuwa na kitu ila vikanda vinne vya kufungia.

"Mama! Nyuma iko wapi?"

"Iko kifurushi cha juu, Mheshimiwa."

"Suti hii nilikulipa miaka mitatu iliyopita! Nililipa yote!"

"Hatubishi," akasema Mama Pindo. "Hongera sana."

Akafungua Waraka ukurasa wa nne, akausoma kwa sauti: mtengenezaji wa bidhaa yoyote anaweza kumhamisha mteja wakati wowote, hata aliyekwisha kulipa. Maneno "bidhaa yoyote" niliyaweka mimi, kwa sababu yalipendeza kuliko "programu". Mheshimiwa akanigeukia. Nilitamani sana asigeuke.

"Zimebaki dakika kumi," nikasema.

"Unataka nini, mama?" akauliza Mheshimiwa.

"Michoro yangu. Na kila aliyelipa arudishiwe chake."

Mwakilishi akakohoa. "Mheshimiwa, mfumo hauruhusu. Kuna taratibu za siku tisini..."

"Fungua!"

Akabonyeza mara mbili. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Mheshimiwa naye akaandika "UMEFUTWA" kwenye jalada la Waraka wangu, akasaini, akapiga mhuri, akamkabidhi Mama Pindo.

"Haya, mama yangu, sasa shona."

Mama Pindo alikuwa ameshakunja karatasi na kushika kitasa cha mlango.

"Nitashona, mwanangu. Lakini leo nina mgongo mmoja tu wa kushona, na si wako. Njoo Jumatatu."

Akaenda zake, anakimbia, futi inapepea.

Nguo za mazoezi hazikufaa. Zilikuwa na nembo ya chama cha upinzani, zawadi ya shemeji yake. Basi Mheshimiwa akatoka hivyohivyo, akauegemea ukuta, na kutangaza kwamba amesikia kilio cha wananchi. Walipiga makofi kwa dhati. Kisha wakasimama, wakamwomba kwa upendo mkubwa atangulie kutoka, kupitia katikati yao, hadi kwenye gari.

Kwa maelekezo ya Mheshimiwa, nilitembea nyuma yake nikiwa nimemgusa, hatua kwa hatua, mita mia na arobaini. Tulipofika garini, dereva alinifungulia mlango na mimi, nikaingia. Mheshimiwa akasema niteremke, nitabaki kazini hadi Jumatatu tu, halafu ajira yangu tutaiona mwezi kwa mwezi.