Mkaguzi Aliyekataa Mbuzi Wangu

Molu Dawood,
Ploti ya nyuma ya soko la mifugo,
Garsen.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kusimamia Mpango wa Vyumba vya Bei Nafuu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: KUDHALILISHWA KWANGU NA MKAGUZI WENU

Natumaini wewe na kamati yako mu wazima. Mimi si mzima. Nina kidonda moyoni, na aliyenitia ni mkaguzi wenu mpya, Bi Zipporah Komora.

Kamati inakumbuka kwamba serikali ilinipa mabati mapya niezekee vyumba vyangu vya kupangisha, nami nikaahidi kutopandisha kodi, ili watu wa kipato kidogo wasisukumwe nje ya mji. Mkaguzi wa zamani nilimpokea kwa desturi yetu sisi Waorma: mgeni haulizwi habari za kazi kabla hajanywa maziwa na kula nyama. Alikula, akashiba, akatia sahihi pale pale mkekani. Tulipendana sana. Vyumba hakuwahi kuviona, na vyumba havikuwahi kulalamika.

Sasa sikiliza yaliyonipata:

1. Bi Zipporah alikataa mbuzi. Mbuzi ameshachinjwa, Mheshimiwa! Eti atakula akimaliza kazi. Mke wangu Sabdio akabaki na sufuria, mimi nikabaki na aibu.

2. Aliingia vyumbani. Mtu mwenye adabu huikagua nyumba kutoka barabarani.

3. Aliongea na wapangaji. Kabibi, mjane anayeuza mahamri pale yanaposimama mabasi ya Lamu, alimwonyesha anavyosogeza kitanda cha wanawe kila mvua ikinyesha, akitafuta pakavu. Mimi hayo nayaita mazoezi. Akamwambia pia kwamba nimempa notisi ahame mwisho wa mwezi, ili chumba nikifanye cha kulala wasafiri. Ni kweli, lakini ndiyo mambo ya kumwambia mgeni hayo?

4. Aliangalia juu. Akaona mabati ya serikali yameezekwa kwenye nyumba yangu, na yaliyobaki kwenye zizi la mbuzi. Nilimweleza kwa upole. Vyumba vya bei nafuu vinalindwa na mwenye vyumba. Mwenye vyumba akinyeshewa atashikwa na homa, homa itamuua, na vyumba vitarithiwa na ndugu yangu Adano, ambaye hana huruma hata chembe. Kwa hiyo kunilinda mimi ni kuwalinda maskini. Na mbuzi nao lazima walindwe, maana bila mbuzi mkaguzi atakula nini? Aliendelea kuandika tu.

Kwa hayo naomba notisi ya Kabibi isiguswe, na wakaguzi wote waamriwe kula kwanza. Bi Zipporah naye ahamishwe, apelekwe mbali na Garsen, ikiwezekana mahali pasipo na nyumba.

Nisalimie wanakamati wote, dereva wenu, na mkaguzi wa zamani popote alipo. Sabdio anakusalimu, ingawa tangu siku ile anapika huku amenuna.

Wako mtiifu aliyeumizwa,
Molu Dawood.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, binti yangu Nasteha amenipigia simu kutoka Hola, alikoanza kazi ya uuguzi. Amepanga chumba cha mpango huu huu. Kinavuja. Mvua ya jana ilimkuta amekaa kitandani na mtoto wake mchanga, wamefungua mwavuli humo humo ndani, na leo ameambiwa ahame. Nimeumia, Mheshimiwa. Nikamuuliza kwa ukali kama huko hakuna wakaguzi. Akasema wapo, na mwenye nyumba huwachinjia kila wakija. Ni mtu mkarimu sana, Baba, utadhani ni wewe.

Basi ombi la uhamisho libaki, ila sababu yake mwibadilishe. Mpelekeni Bi Zipporah Hola leo hii, na njiani asile kitu. Mkiona barua imechelewa, ni kwamba nimepanda juu ya zizi kung'oa misumari ya yale mabati. Anayenishikia ngazi ni Kabibi, nami namwomba Mungu asiiachilie.