Saa Kumi na Sita za Fundi Makochi

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi mnaongoja kupakuliwa! Zimeni simu, tulizeni vitoto, legezeni mikanda ya suruali; kwa maana habari hii si ya wafalme walioteka miji wala ya majemadari waliovuka majangwa. Hao walikuwa na kazi nyepesi. Hii ni habari ya fundi makochi, Bwana wa Misumari, Mtandika Sponji, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja aliyekaa bila kula tangu jioni hadi asubuhi, na asife.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo tukufu, adui alimvamia ndani ya karakana yake. Maumivu yalimshika juu ya kitovu yakatokea mgongoni, naye shujaa akaanguka kifudifudi juu ya kochi la mteja, akakitapikia kitambaa kipya cha velveti. Hospitalini walimtoa damu, na ilipotulia kwenye kichupa, juu yake pakaelea utando mweupe kama maziwa. Hayo yalikuwa mafuta yaitwayo trigliseridi. Watu wa kawaida hutakiwa wasivuke mia moja na hamsini. Shujaa, ambaye hakupenda mambo madogo, alikuwa na elfu moja na mia nane.

"Kongosho lako limevimba kwa sababu ya mafuta hayo," daktari alimwambia, naye alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. "Likivimba tena, linaweza kukuua. Na moyo nao haupo salama."

"Lakini daktari, siku zote mimi ni mzima kabisa!"

"Ndiyo ubaya wake. Mafuta hayaumi, mpaka siku yanapouma."

Amri zikatolewa: vidonge kila siku, pombe basi, soda basi, sukari na mkate mweupe vipungue, na kutembea nusu saa kila jioni. Shujaa alitii, ila kwa kelele. Hakuna soda aliyoiacha bila mtaa mzima kupewa taarifa. Alipotembea, alitembea kama jeshi linalorudi kutoka vitani, akisalimia kila mlango ili aulizwe anakwenda wapi.

Hatimaye ikawadia siku ya kupimwa tena. "Usile kitu kwa saa kumi na mbili kabla ya kuja," daktari alikuwa amemwagiza, kisha akaongeza neno jingine ambalo shujaa hakulisikia, kwa sababu tayari alikuwa akitunga hotuba.

Hotuba yenyewe aliitoa saa moja jioni, baada ya tonge la mwisho la maharage.

"Ewe mke wangu, mwenzi wa shida zangu! Kuanzia sasa kinywa hiki kimefungwa kama lango la ngome. Nikianguka katika vita hivi, cherehani kubwa apewe binti yetu, na mkasi asiazimwe mtu!"

"Baba watoto," mkewe alijibu, "ni kifungua kinywa tu unachokosa. Nipe hiyo sahani nioshe."

Alfajiri shujaa alipiga mswaki akatema kila tone, kwa uangalifu wa mtu anayetema sumu. Akaongozana na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuja kumbeba endapo angezimia. Huyo shemeji, kwa upendo wake, alibeba chupa ya chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili.

Maabara ilitakiwa kufunguliwa saa moja. Saa moja ikapita. Mashine imegoma, wakaambiwa. Saa tatu ikapita. Kwenye benchi, bega kwa bega na shujaa, shemeji alifungua chupa, na harufu ya chai ikapanda kama moshi wa mji unaoungua. Tumbo la Bwana wa Misumari lilinguruma hadi mama mmoja akageuka kutazama nyuma.

"Onja kidogo, shemeji," yule akanong'ona, akimsogezea kipande. "Nani atajua?"

Mkono wa shujaa ulinyanyuka. Naapa, ulinyanyuka. Lakini akaukumbuka usiku wa kwanza wodini, mkewe akimshikia beseni, na lile beseni likigongagonga ukingo wa kitanda. Akaurudisha mkono mapajani.

"Kongosho litajua," alisema.

Saa tano akaitwa. Mtaalamu wa maabara akafunga mpira mkononi, akachoma, hakupata kitu. Akachoma tena.

"Mishipa imejificha. Hukunywa maji?"

"Hata tone!" shujaa alinguruma. "Saa kumi na sita! Mimi nikifunga, nimefunga!"

"Maji yanaruhusiwa, mzee. Hukuambiwa?"

Mlangoni, chai ilimtoka shemeji puani. Sindano ya tatu ikapata.

Mchana daktari alisoma karatasi. "Mia mbili na tisini. Umejitahidi sana. Bado hatujafika, kwa hiyo usiache vidonge hata ukijisikia mzima. Na pombe ni ileile: hapana."

Shujaa akasimama, akainua mkono. "Wajulishwe wana na wajukuu kwamba—"

"Kaa chini, bado sijakupima presha."

Nyumbani mkewe aliisoma karatasi mara mbili, kidole chini ya tarakimu. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia kidogo, akijifuta kwa kiganja. Shujaa alikuwa ameandaa hotuba ya sehemu saba. Akaketi kando yake.

Basi na iandikwe kwa wino mzito kwamba Jumanne moja mwanamume alichelewa kula, akachomwa sindano tatu palipohitajika moja, akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Mkewe alimmiminia chai isiyo na sukari, naye akainywa yote, na mtaa haukupewa taarifa.